Maswali ya Wasomaji: Vazi la Mheshimiwa Linamhusu Nani?

Barua nyingi zilizofika mezani kwetu safari hii zinauliza, kila moja kwa njia yake, kuhusu nguo za wabunge, marais na wanamuziki. Tumechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wasomaji wengine pia, na tumezifupisha bila kugusa hoja za waandishi wake.

SWALI: Ndugu Mhariri, kila magazeti yanapoandika kwamba mbunge fulani ametolewa ukumbini kwa sababu ya nguo, najiuliza kama hiyo ni habari ya kumpa mwananchi, au ni udaku unaokula nafasi ya bajeti na miswada. Ninyi wenyewe mnaonaje? — *Mwalimu mstaafu, Dodoma*

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Sisi tunaona kwamba ni habari, tena nzito, maadamu mwandishi anauliza nani ametoa amri, kwa kanuni gani, na amri hiyo imemwangukia nani.

Bila shaka unalikumbuka tukio la Juni 1, 2021. Mbunge wa Nyang'hwale, Hussein Amar, alisimama na kulalamikia mavazi ya mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, akisema kwamba hayalingani na heshima ya Bunge. Spika wa wakati ule, Job Ndugai, alimwagiza mbunge huyo atoke akavae vizuri ndipo arudi. Sichalwe alikuwa amevaa suruali nyeusi na blauzi ya njano, na picha zilizosambaa siku ile ziliwafanya watu wengi waulizane ni kitu gani hasa kilichokosewa. Baadhi ya wabunge wanawake hawakukubali yaishe hivyo, wakataka mwenzao aombwe radhi. Mwandishi anayeishia kwenye suruali hapo kweli ameandika udaku. Lakini yupo mwingine anayeona kwamba mwakilishi wa watu wa Momba, aliyechaguliwa kwa kura, aliondolewa kwenye kiti cha jimbo lake kwa muda kwa sababu mwanamume mmoja hakupendezwa na mshono wa suruali yake. Habari hiyo inawahusu wapiga kura wa Momba moja kwa moja.

Halikuwa tukio la kwanza. Mnamo Septemba 2018 Spika huyohuyo alipiga marufuku wabunge wenye kucha na kope za bandia kuingia bungeni, baada ya Naibu Waziri wa Afya wa wakati huo, Faustine Ndugulile, kueleza ukumbini madhara ya kiafya yanayowapata wanawake wanaotumia vitu hivyo. Madhara yapo na waziri alifanya vyema kuyataja. Hata hivyo, jambo la afya lilipogeuzwa kuwa sharti la kuingia katika ukumbi wa kutunga sheria, liliacha kuwa ushauri wa daktari likawa kipimo cha nani anastahili kusikilizwa.

Majirani zetu wa Kenya nao wana kumbukumbu zao. Mwaka 2011 Gidion Mbuvi, anayejulikana zaidi kama Mike Sonko, alitolewa bungeni kwa sababu ya hereni na miwani ya jua, kwa hiyo wanaume hawajasalimika kabisa. Lakini Februari 14, 2023 lilitokea jambo zito zaidi katika Seneti ya Kenya, jijini Nairobi. Seneta Gloria Orwoba, ambaye alikuwa akipigania wasichana wapate taulo za kike bila malipo, alifika akiwa na suti nyeupe yenye doa la damu, akaeleza kwamba ameamua kutobadilisha nguo kwa sababu aibu wanayobebeshwa wasichana ndiyo anayoipinga. Baadhi ya maseneta walilalamika, na Spika Amason Kingi akamtaka aende akabadilishe. Wapo waliosema kwamba alitafuta jina. Sisi tunasema kwamba wasichana wanaokosa masomo kila mwezi kwa sababu hawana taulo za kike hawakuwa wamezungumziwa katika ukumbi ule kwa uzito ule kabla ya siku hiyo.

Ukizisoma kanuni za mavazi za mabunge yetu, Mwalimu, utaona tofauti ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mwanamume anaelezwa nguo zenyewe, yaani koti, ukosi, tai, shati la mikono mirefu, soksi na viatu, wakati mwanamke anaelezwa mwili wake: sketi ishuke chini ya magoti, mabega yafunikwe, nguo isibane, awe na staha. Mwanamume anaweza kujikagua kwenye kioo cha nyumbani na kujua kwamba ametimiza sharti, kwa sababu tai ama ipo ama haipo. Mwanamke hawezi, kwa kuwa staha yake inategemea jicho la yule atakayemtazama akifika ukumbini. Ndiyo maana mzigo wa kanuni hizi humlemea yeye zaidi.

SWALI: Kaka Mhariri, naona suti za Kaunda zimerudi kwa kishindo, na hata Rais wetu anazivaa. Ilikuwaje basi Bunge letu likazipiga marufuku? — *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Marufuku hiyo ilitangazwa mwishoni mwa Novemba 2023 na Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, aliyesema kwamba suti za Kaunda, yaani koti na suruali za kitambaa kimoja zisizovaliwa na tai, na mavazi ya asili ya Kiafrika hayakubaliki tena katika majengo ya Bunge, na akawakumbusha wabunge wanaume juu ya koti, ukosi na tai. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tu Kenya itimize miaka 60 ya uhuru. Wakati huohuo Rais William Ruto alikuwa amelifanya vazi hilo kuwa sehemu ya sura yake hadharani, na mafundi wa Nairobi walikuwa wakipokea wateja wanaotaka mshono kama wake.

Kiini cha mgongano huo ni kwamba kanuni za mavazi za Bunge la Kenya zilizaliwa na desturi za Bunge la Uingereza, na suti ya Kaunda ilipata umaarufu kwa kuzikataa desturi za namna hiyo. Kenneth Kaunda, aliyeiongoza Zambia kuanzia 1964 hadi 1991 na kufariki dunia Juni 2021 akiwa na miaka 97, alilivaa vazi hilo katika mikutano ya ndani na ya nje mpaka likabeba jina lake. Mwalimu Nyerere naye alionekana mara nyingi katika suti nyepesi za jamii hiyo. Viongozi hao walikuwa wakieleza, bila kutoa hotuba, kwamba mtu anaweza kuwa rais kamili pasipo kufunga tai katika nchi ya joto.

Wengi hudhani kwamba ni vazi la kujivalia tu, lakini fundi cherehani atakwambia vinginevyo. Suti ya kawaida ina shati na tai za kuficha makosa ya kifuani, ilhali ya Kaunda haina pa kujificha. Ukosi lazima ulale pande zote mbili sawasawa, na kitambaa kigumu cha ndani yake kisijikunje baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Mifuko ya kubandika lazima ikae kwenye mstari mmoja, kwa sababu mfuko ukipanda kidogo tu upande mmoja, mvaaji ataonekana kama amepinda bega. Koti likiwa refu kupita kiasi linageuka kuwa sare ya mlinzi, na likiwa fupi kitambi kinalisukuma mbele. Mwanamume aliyeshonewa vizuri vazi hilo amevaa kazi ya fundi wa mtaani kwake, na pesa yake imebaki mtaani humohumo. Kwa maoni yetu hiyo ni sababu tosha ya kulikaribisha bungeni. Kanuni za Bunge la Tanzania zinaitambua safari suti ya rangi moja, na hatujamsikia mtu akisema kwamba miswada ya Dodoma imedhoofika kwa ajili yake.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Bibi yangu anasema kwamba alipokuwa msichana Dar es Salaam, vijana wa chama waliwasaka wasichana wenye sketi fupi pale Kariakoo. Wajomba zangu wanamcheka, wanasema amechanganya mambo. Nani mkweli? — *Mwanafunzi wa chuo, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba mwanangu. Bibi yako ni mkweli, na tunakuomba ukae naye, umrekodi, kwa kuwa wanawake walioyaona mambo yale kwa macho yao wanazidi kupungua.

Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, ulitangaza kampeni iliyoitwa Operesheni Vijana. Iliharamisha sketi fupi, mawigi, krimu za kuchubua ngozi na suruali za kubana, na ilipangwa kuanza rasmi Januari 1, 1969. Hoja iliyotolewa ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Lakini kabla tarehe hiyo haijafika, makundi ya vijana wa kiume yalikwisha kuanza kuwavamia wanawake katika eneo la Kariakoo na kwenye vituo vya mabasi, wakiwazomea na kuwachania nguo, hadi polisi wakalazimika kuingilia kati. Kurasa za barua katika magazeti ya wakati ule zilijaa mabishano. Miongoni mwa waandishi wa barua hizo walikuwamo watu waliouliza swali ambalo hatujaona likijibiwa vizuri hata leo: ikiwa suruali, shati na tai za wanaume zimetoka Ulaya, kwa nini utamaduni wa Mwafrika ukalindwe juu ya magoti ya msichana peke yake?

Waambie wajomba zako pia kwamba Tanzania haikuwa peke yake. Malawi ya Kamuzu Banda ilikuwa na sheria kali za urefu wa sketi, na Idi Amin alizipiga marufuku sketi fupi Uganda mwaka 1972. Uganda hiyohiyo ilitunga sheria ya kupinga ponografia mwanzoni mwa 2014. Watu mitaani wakaipa jina la sheria ya sketi fupi, na baadhi yao wakajipa ruhusa ya kuwavua wanawake hadharani, ingawa sheria yenyewe haikuwapa ruhusa hiyo. Vifungu vyake muhimu vilifutwa na Mahakama ya Katiba mnamo Agosti 2021. Na Novemba 2014, mwanamke mmoja alipovuliwa nguo na kundi la wanaume kwenye kituo cha matatu katikati ya Nairobi, mamia ya wanawake waliandamana wakidai kwamba vazi la mtu ni uamuzi wake. Kabla mwaka haujaisha, sheria ya Kenya ilibadilishwa na kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa kosa la jinai lenye kifungo kirefu.

Ndiyo sababu hatukubali kuyaita mambo haya madogo. Amri inayotolewa na mkubwa katika ukumbi wenye viyoyozi huteremka hadi stendi, na huko stendi haishikwi na mwenye kanuni mkononi.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, marehemu baba yangu alikuwa mtumishi wa serikali wakati wa Mobutu na ametuachia abacost zake mbili. Watoto wangu wanauliza kwa nini babu yao hakuwa na tai hata moja. Tena nasikia kwamba Papa Wemba alivaa suti kwa kumpinga Mobutu. Ni kweli? — *Baba wa familia, Bukavu*

JIBU: Pole kwa kuondokewa na mzee. Hazina aliyowaachia ina thamani kubwa kuliko mnavyodhani, kwa hiyo zihifadhini mbali na nondo na jua.

Babu yao hakuwa na tai kwa kuwa tai ilikuwa imekatazwa. Mobutu alipoibadilisha Kongo kuwa Zaire mnamo Oktoba 1971, alianzisha siasa aliyoiita ya kurudia uhalisia wa Kiafrika. Miji ilipewa majina mapya, raia wakatakiwa kuacha majina yao ya Kizungu, na wanaume wakakatazwa suti na tai, wakapewa badala yake abacost, koti la ukosi lisilo na tai ambalo liliazima mengi kutoka kwenye vazi la viongozi wa China. Wanawake walikatazwa suruali na sketi fupi, wakaelekezwa kwenye vikwembe. Kwa mtumishi wa serikali kama baba yako, kufunga tai kungeweza kutafsiriwa kama uasi. Hali hiyo ilidumu hadi Aprili 24, 1990, siku Mobutu alipotangaza kwamba enzi ya chama kimoja imekwisha. Ruhusa ya kuvaa tai ilikuja pamoja na ruhusa ya vyama vingi, na wanaume wengi wa Kinshasa walizifunga mara moja kama ishara ya kisiasa.

Kuhusu Papa Wemba, jibu linahitaji uangalifu. Hakuwa mwanachama wa upinzani, na hatutamvisha joho ambalo hakulivaa. Alianzisha bendi ya Viva La Musica mwaka 1977, na kutoka mtaa wa Matonge huko Kinshasa akawa kinara wa vijana waliojiita masapeur, waliotafuta suti, viatu na makoti ya wabunifu wakubwa wa Ulaya na Japani hata pale walipokosa nauli. Katika nchi ambayo rais amekwisha kuamua raia avae nini, kijana anayepita barabarani na suti ya kupendeza pamoja na tai amevunja amri, awe amekusudia siasa au la. Wakati huohuo, wakubwa wa Zaire waliokuwa wakihubiri uhalisia wa Kiafrika walikuwa wakijishonea baadhi ya abacost zao Ubelgiji, katika nchi ileile iliyowatawala. Watoto wako wakijua mambo hayo mawili, wataielewa enzi ya babu yao vizuri zaidi.

Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan na kufariki dunia Aprili 24, 2016. Zilikuwa zimetimia hasa miaka 26 tangu tangazo lile la Mobutu.

SWALI: Dada Mhariri, kabatini nina kanga za kampeni za tangu enzi za marehemu mama. Siku hizi hata wanamuziki ninaowapenda wanapanda jukwaani na rangi za vyama. Nawaona kama wametuuza mashabiki wao. Je, nina haki ya kukasirika? — *Mama wa Tanga*

JIBU: Haki hiyo unayo, mama, lakini tutofautishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa.

La kwanza ni msanii anayeingia siasa kwa miguu yake mwenyewe. Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020. Joseph Haule, ambaye ni Profesa Jay, aliiwakilisha Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020. Hamis Mwinjuma, Mwana FA, alichaguliwa Muheza mwaka 2020 na akateuliwa naibu waziri mwaka 2023. Hao waliomba kura kwa majina yao, wakahojiwa, na kila mmoja wao akabadilisha kofia na jeans kwa koti ili aingie Dodoma. Kama huwapendi, una kura. La pili ni msanii anayevaa rangi ya chama kwa mkataba wa jukwaa, kisha akamwacha shabiki aamini kwamba hayo ndiyo mapenzi yake ya moyoni. Huyo ndiye tunayemdai maelezo. Hatusemi asilipwe, maana kuimba ni kazi, ila aseme wazi kwamba amelipwa, kama ambavyo angesema akitangaza sabuni.

Tukirudi kwenye kanga zako, tunakuomba uitandaze moja kitandani uitazame vizuri. Kanga ya kawaida ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno yanayobeba methali, mafumbo au kijembe kwa jirani. Kanga ya kampeni imeushika mpangilio huohuo ikauhamisha: katika mji wake amewekwa mgombea, palipokuwa na fumbo pamewekwa kaulimbiu, na pindo limepewa rangi za chama. Mwanamke akijifunga, sura ya mheshimiwa inaweza kuangukia kiunoni au mgongoni alipobebwa mtoto, na atakwenda nayo shambani, kisimani na msibani kwa miaka mingi baada ya mheshimiwa mwenyewe kusahaulika. Hakuna bango la barabarani linaloishi muda huo wote. Tanzania ina Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, iliyotungwa ili matumizi ya kampeni yawekwe wazi na zawadi za kuwashawishi wapiga kura zidhibitiwe. Doti ya kanga anayopewa mama asiye na nguo nyingine ya kubadilisha inastahili kuhesabiwa humo kwa makini kuliko inavyohesabiwa.

Nguvu ya rangi si jambo la kubeza. Kenya ilipopiga kura ya maoni juu ya katiba mnamo Novemba 21, 2005, alama ya Ndiyo ilikuwa ndizi na ya Hapana ilikuwa chungwa. Hapana ilishinda, na chungwa hilo likazaa jina na rangi ya chama cha ODM ambayo bado inavaliwa mikutanoni. Uganda nako, wabunge waliopinga kuondolewa kwa ukomo wa umri wa rais mwaka 2017 walijifunga vitambaa vyekundu vichwani, na mwanamuziki Bobi Wine, aliyekuwa ameingia bungeni mwaka huohuo kwa kiti cha Kyadondo Mashariki, akaifanya bereti nyekundu kuwa alama ya vuguvugu lake. Septemba 2019 serikali ilizitangaza bereti hizo katika gazeti rasmi kuwa sare ya jeshi, hivyo raia anayeivaa anaweza kushtakiwa. Dola yenye vifaru na mahakama za kijeshi iliona kwamba kofia ya kitambaa inastahili kutungiwa amri. Wafuasi wake walifanyaje? Wakati wa kampeni za uchaguzi wa Januari 2021, wengi walibaki na rangi nyekundu kwenye fulana na vitambaa, na chama chao kipya kikachukua mwavuli kuwa alama yake.

SWALI: Kwa nini nanyi huandika juu ya ushungi wa Rais Samia lakini hamkuwahi kuandika juu ya kola za waliomtangulia? — *Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Swali lako ni la haki. Siku alipoapishwa, Machi 19, 2021, picha iliyozunguka dunia ilikuwa ya mwanamke mwenye ushungi mwekundu akiwa ameshika Kurani, naye alikuwa rais wa kwanza mwanamke katika historia ya nchi. Siku ile ushungi ulikuwa sehemu ya habari, kwa sababu wasichana wengi wa pwani na visiwani walikuwa wakimwona kwa mara ya kwanza mtu mwenye vazi la mama zao akikagua gwaride. Katika ziara ya kukagua barabara au mkutano wa bei ya mahindi, ushungi si habari, na anayeutanguliza anamnyima msomaji barabara na mahindi. Hicho ndicho kipimo tunachokitumia sasa katika chumba chetu cha habari, na kinamhusu kila kiongozi, awe wa kike au wa kiume.

SWALI: Mimi nauza mitumba soko la Karume. Kila msanii au kiongozi anapohimiza watu wavae nguo za nyumbani, wateja wananitania kwamba biashara yangu imekwisha. Je, ni kweli mitumba itapigwa marufuku? Na hao wanaotuhimiza, nguo zao zinatoka wapi? — *Mama mfanyabiashara, Ilala*

JIBU: Dada yetu, tunaanza na historia ili usiogope bure. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua hadi mwaka 2019, ili viwanda vya nguo vya kwetu vipumue. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuziondoa nchi zetu katika mpango wa AGOA, uliokuwa ukiziruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ilirudi nyuma mapema, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda peke yake ilishikilia uamuzi wake. Ilikuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwishoni mwa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye mpango huo. Kwa hiyo marufuku haishuki kwa kauli ya msanii jukwaani. Hupitia bajeti, ushuru wa forodha na mabishano na mataifa makubwa, na ungesikia miezi mingi kabla.

Hata hivyo, wanaohimiza nguo za nyumbani wana hoja, na hatutaki uwaone kuwa ni maadui. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilijengwa katika miaka ya 1960 kwa msaada wa China, na kwa muda mrefu kanga na vitenge vyake vilivaliwa nchi nzima. Mwanza ilikuwa na Mwatex na Musoma ilikuwa na Mutex, karibu kabisa na wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Viwanda hivyo vilipodorora, waliopoteza kazi walikuwa watu wa aina yako na yangu, na pamba yetu ikabaki kusafirishwa nje ikiwa ghafi. Lakini hata mama anayefungua belo alfajiri, bila kujua kama ndani atakuta gredi ya kwanza au matambara ya kufutia magari, ana watoto wa kusomesha, na sera isiyomtaja haijakamilika. Tungependa kuona ushuru wa mitumba ukitumika waziwazi kufufua viwanda, na wauzaji kama wewe wakipewa nafasi ya kwanza kuwa mawakala wa nguo zitakazotengenezwa humo, kwa sababu nani anamjua mnunuzi wa Ilala kuliko ninyi?

Kuhusu nguo za hao wanaokuhimiza, unaweza kuchunguza mwenyewe. Kitenge kuitwa vazi la Kiafrika hakumaanishi kwamba kimefumwa Afrika, kwani vingi vilivyoko madukani Kariakoo vimetoka China na India. Geuza upindo wa kitambaa, usome maandishi yaliyochapwa ukingoni, kwani mara nyingi jina la kiwanda au nchi huwekwa hapo. Sisi nasi, kuanzia toleo lijalo, kila tutakapochapisha picha ya kiongozi au msanii aliyevaa kitenge katika kampeni ya kuhimiza bidhaa za nyumbani, tutamwuliza kilifumwa wapi na nani alikishona, na jibu lake tutaliweka chini ya picha.